Ngazi ya Inchi Ishirini na Mbili

Arlys Kvamme alianza kuchechemea mwezi wa Novemba, na goti lake halikuwa na ugonjwa wowote.

Alichagua goti la kushoto. Siku za mwanzo alijikuta mara mbili akichechemea kwa la kulia, lakini watu wa kambi za wasafiri si mahakimu. Mwanamke wa miaka sabini na moja akisema goti linauma, nani ataomba cheti cha daktari? Kwao Montana, alikowapikia watoto wa shule kwa miaka ishirini na minane, Arlys alijulikana kama mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kumpongeza mtu kwa kofia mbaya. Sasa alikuwa anajifunza ukubwani, na kama kila anayejifunza jambo ukubwani, alilifanya kwa bidii kupita kiasi.

Chanzo cha goti kilikuwa ngazi. Yeye na mumewe Delbert wanacho kijumba cha kupakia, kile kinachokaa mgongoni mwa pikapu: kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la mafiga mawili, meza, na choo ambacho ukiingia kwa uso utatoka kinyumenyume. Mlango uko nyuma. Kijumba kikiwa juu ya gari, kizingiti kiko inchi thelathini na nne kutoka ardhini, juu ya paja la mtu mzima. Bila ngazi huingii, na ukiingia hutoki ila kwa kuruka. Kwa miaka kumi na moja walikuwa na ngazi ya kukunja iliyofungwa chini ya bampa. Ukifika unaivuta nje, ukiondoka unaikunja na kuisukuma ndani. Kazi hiyo ilikuwa ya Delbert, na hakuna aliyewahi kumkumbusha.

Mwaka huo, wakishuka kusini kukimbia baridi kama kawaida yao, walisimama kutia mafuta karibu na Kanab. Arlys alipanda kijumbani kunawa mikono, akatoka, akaenda kukaa kiti chake cha mbele. Delbert akalipa mafuta, akaondoa gari. Ngazi ilikuwa bado inaning'inia. Pale pa kutokea barabarani iligonga ukingo wa zege, ikang'oka na kurukia katikati ya barabara kuu. Gari dogo lililokuwa linakuja likaikwepa, likaingia mchangani na kusimama upande. Hakuna aliyeumia. Delbert alishuka kwenda kumwomba radhi dereva, binti mmoja, akakaa naye kwa muda mrefu. Arlys alibaki kitini akiwaza mambo mawili, na ninasikitika kusema kwamba la kwanza halikuwa yule binti. La kwanza lilikuwa kwamba Tamra asijue.

Tamra ni mtoto wao wa pekee, muuguzi huko Billings. Wakati wa kiangazi alimkuta baba yake amesimama gerejini na koleo mkononi, hajui alikuwa anataka kufanya nini. Alimwomba akamwone daktari. Delbert akacheka, akasema fundi wa maghala ya nafaka aliyevuta vumbi miaka arobaini ana haki ya kusahau koleo. Tamra hakucheka. Alimvuta mama yake pembeni, akamwambia kuwa likitokea jambo lolote barabarani, hata dogo, kijumba kiuzwe na baba asishike tena usukani. Arlys akaahidi.

Kwa hiyo jioni ile ya Kanab, Tamra alipopiga simu na kusikia wanatafuta ngazi mpya, Arlys alisema ile ya zamani imeliwa na kutu. Tamra akauliza mbona kiangazi ilikuwa nzima. Ndipo goti lilipozaliwa. Arlys alisema goti limeanza kumsumbua, hizo ngazi za zamani ni nyembamba, anataka yenye vipandio vipana na mkono wa kushikilia. Delbert alikuwa amekaa mezani akimenya chungwa. Alimtazama mkewe, akaendelea kumenya.

Msomaji asidhani Arlys alifanya hivyo kwa kumhurumia mumewe tu. Yeye mwenyewe alijiambia hivyo, tena kila siku, lakini alikuwa anajidanganya. Safari zilikuwa zake. Delbert angeachiwa hiari yake angekufa kwa furaha ndani ya gereji yake akisikiliza redio. Arlys ndiye aliyesimama miaka yote ile mbele ya masufuria ya shule, dirishani kukiwa na theluji hadi Aprili, akaapa kwamba akistaafu hataona tena Januari ya Montana. Kijumba aliking'ang'ania kama wengine wanavyong'ang'ania shamba la urithi.

Walifika jangwa la Quartzsite wiki ya kwanza ya Desemba, wakapaki palepale wanapopaki kila mwaka, na badala ya ngazi wakaweka ndoo iliyopinduliwa, na juu yake kreti la maziwa. Sisi watu wa jangwani tuna ugonjwa mmoja: mwenzetu akikosa kitu, kila mmoja ni profesa wa kitu hicho. Habari ya ngazi ilienea kambini kabla Arlys hajachemsha kahawa.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Orrin Stroud, mzee aliyefiwa na mkewe, kutoka Idaho, dereva wa zamani wa mabasi, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Alieleza kwamba ngazi ziko za aina tatu. Kwanza ile waliyokuwa nayo, ya kujificha chini ya bampa, nyepesi, lakini ukiisahau nje imekwenda. Pili ile ya kusimama peke yake kama stuli ndefu, unaiweka chini ukifika na kuitupia ndani ukiondoka. Ubaya wake ni kwamba nusu ya ngazi hizo zimesahauliwa huko jangwani zikiwangoja wenyewe. Tatu ni ile ya aluminiamu inayokunjwa juu na kusimama wima ndani ya fremu ya mlango.

"Hiyo ya tatu huwezi kuisahau," Orrin alisema. "Isipokunjwa, mlango haufungiki, na mlango usipofungwa king'ora kinakulilia mpaka ujute."

Arlys alisema anataka hiyo hiyo. Alisema haraka mno. Orrin akamwangalia mguu.

"Shemeji, ngazi ile ina uzito wa kilo kumi na tano. Kwa goti hilo utainua vipi? Wewe unataka ya kwanza. Nyepesi, inavutwa kwa kidole."

"Atanikunjia Delbert."

"Na Delbert akienda kuchota maji utakaa ndani kama kuku?"

Delbert alikuwa amesimama pale pale na kikombe mkononi. Alicheka pamoja nao, kisha akamwambia Orrin, "Usimchokoze mke wangu, Harald." Harald alikuwa kaka yake, aliyekufa miaka tisa iliyopita. Orrin alifikiri ni utani asioujua, akaendelea kueleza habari za kilo. Arlys aliingia ndani, akakaa kitandani na kusugua goti ambalo halikuuma, kwa kuwa hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Kuanzia hapo aliishi kama mlinzi. Alikagua jiko baada ya Delbert kulitumia. Alimtuma kwenye vitu vilivyo karibu, vinavyoonekana. Jioni watu walipoketi kuzunguka moto, kila mmoja na sufuria yake ya maharage au mkate wa mahindi, Arlys alimjibia mumewe kabla hajaulizwa, hata Orrin akamtania kwamba anamfanya Delbert kuwa bubu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakusema mficha maradhi anachoka namna gani. Alilala saa mbili usiku kama mtoto, na alfajiri aliamka na hofu ile ile aliyolala nayo. Alimpenda, alimkasirikia, na mara nyingi hakuweza kutenganisha hayo mawili.

Januari yakaja maonyesho. Kila mwaka wiki hiyo mji mdogo ule hujaa mahema ya wauzaji wa kila kinachofungwa, kusukumwa au kushindiliwa kwenye nyumba ya magurudumu. Watu wenye vijumba kama cha Kvamme huvishusha kwenye gari kwa wiki hiyo ili pikapu iwe huru. Unateremsha jeki nne za pembeni, unainua kijumba, unatoa gari chini yake, kisha unakishusha kijumba hadi karibu na ardhi, kikae kwa miguu yake yenyewe. Delbert alilifanya hilo asubuhi ya Jumatatu bila kukosea hatua hata moja, na Arlys akapata faraja ambayo hakuwa ameionja kwa wiki nyingi. Mikono yake inakumbuka, aliwaza. Mradi mikono inakumbuka, bado tuna miaka.

Jumatano, kabla ya kwenda kununua, alimwona Delbert kwa dirisha amepiga magoti mlangoni na futikamba, anapima, anaandika kwenye kipande cha boksi la nafaka za asubuhi, anapima tena. Hakumuuliza. Vipimo alikuwa navyo kichwani tangu miaka kumi na moja iliyopita.

Hema la ngazi lilikuwa la mama mmoja aitwaye Neva, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe alizozifunga kwa kamba ya kiatu. Alizipanga aina zote kwenye zulia, watu wapande na kushuka watakavyo. Arlys akakumbuka kuchechemea. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya aluminiamu, akaishika, akaikunja, akaona ni nzito kweli, akajifanya si nzito.

Neva aliuliza kizingiti kina urefu gani.

"Ishirini na mbili," alisema Delbert.

Arlys alicheka. "Thelathini na nne. Mzee anatania huyu."

Delbert alitoa kile kipande cha boksi mfukoni, akakiweka juu ya ngazi mbele ya Neva. Kilikuwa kimeandikwa 22 kwa kalamu ya risasi, na chini yake mistari miwili, namna fundi anavyopigia mstari kipimo alichokihakiki.

Damu ilimpanda Arlys usoni. Kupima kijumba kikiwa chini ni kosa la mgeni, la mtu aliyenunua jana. Ngazi ya inchi ishirini na mbili ukiipeleka juu ya gari inaning'inia hewani, mguu unatafuta kipandio haukipati. Delbert aliwahi kuwacheka watu kwa kosa hilo. Miezi miwili ya kulinda na kujibia ilimtoka Arlys yote kwa mkupuo, mbele ya muuzaji na wateja wawili wa Oregon.

"Umepima kikiwa chini, Delbert. Chini! Umesahau kwamba kinapanda gari? Hata hilo nalo umelisahau?"

Neno lile hakuwa amelitamka tangu Kanab. Alilisikia likitoka, akatamani kulirudisha. Neva alianza kufuta kipandio kilichokuwa safi. Wale wa Oregon wakapata hamu ya kuona hema la jirani.

Delbert alikikunja kile kipande cha boksi taratibu.

"Sijasahau," alisema. "Nimepima kikiwa chini kwa sababu huko chini ndiko kitakakokaa."

Walitoka nje, nyuma ya hema, penye jenereta iliyokuwa inanguruma. Ilibidi wasogeleane ili wasikilizane. Delbert alisema anataka wakirudi nyumbani kijumba kishushwe uani, nyuma ya gereji, kisipande gari tena. Arlys atapata mahali pa kukaa na kitabu chake, na wajukuu wakija watalala humo. Alisema amelifikiria kwa siku nyingi, na kwamba siku alizokuwa na akili zake alilifikiria vizuri.

"Na goti langu?" Arlys aliuliza, maana hakuwa na kingine cha kushika.

"Goti lako halina kitu, mama. Juzi umepanda na ndoo mbili za maji kutoka bondeni ukidhani nimelala."

"Kumbe unajua."

"Nilijua tangu siku ya chungwa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unanihangaikia. Na safari ulikuwa unaitaka." Alimsogelea zaidi. "Yule binti wa Kanab, Arlys. Mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kufungua mkanda wa kiti. Mimi ndiye niliyemfungulia. Majina yananitoka, nilichofuata gerejini kinanitoka. Ile mikono haitoki."

Arlys alikasirika, na hasira yake haikuwa ya haki, na alijua. Alimuuliza amewezaje kuamua peke yake. Delbert akamjibu bila ukali kwamba Arlys mwenyewe aliamua peke yake tangu Novemba. Hapo Arlys akalia, mchana kweupe, nyuma ya hema la ngazi, mwanamke ambaye shuleni hata siku jiko lilipoungua hakutoa chozi. Aliona wazi kwamba miezi ile yote hakuwa amemficha mumewe. Alikuwa ameificha safari yake nyuma ya mumewe, na mtu mwingine barabarani angeweza kufa kwa ajili hiyo.

Baadaye aliuliza nani atakifikisha kijumba Montana. Delbert alisema, "Wewe." Arlys hakuwahi kuendesha pikapu ile ikiwa na mzigo juu. Delbert alisema ni kama kuendesha ikiwa tupu, ila usiwe na haraka na uogope upepo. Kuhusu kupakia, yeye atasimama nyuma na kumwelekeza.

Wakarudi ndani wakanunua ngazi ya vipandio viwili vipana, ya mbao ngumu, yenye mkono wa kushikilia, nzito, isiyokunjika. Neva aliwauliza kama wana hakika, kwa kuwa ile haisafiri. Delbert alisema wana hakika.

Waliamua kuondoka Jumamosi. Asubuhi hiyo kijumba kiliinuliwa kwa jeki, kikasimama juu ya miguu yake minne mirefu, na Arlys akapanda kwenye usukani. Kazi yenyewe ni ya kurudi kinyumenyume kuingia chini ya nyumba yako, kukiwa na nafasi ya vidole vinne kila upande. Aliye nyuma huinua mkono wa upande unaotakiwa, dereva hufuata, na mikono yote ikienda juu unasimama. Miaka yote Arlys ndiye aliyekuwa nyuma. Sasa alimwona Delbert katika kioo, amesimama kando ya kijumba, mkono wa kushoto juu, imara, fundi mtupu. Arlys akarudi hatua moja. Mkono wa kulia. Akarudi nyingine. Alianza hata kujisikia dereva.

Kisha mkono ulishuka. Haukushuka kwa ishara yoyote, ulishuka tu. Delbert alikitazama kijumba kama mtu anayetazama nyumba ya jirani aliyehamia jana. Akasogea. Akaingia katikati, kwenye ile nafasi iliyobaki baina ya gari na kijumba, akaweka kiganja chake ukutani na kusimama hapo, mgongo ukilielekea gari.

Arlys alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu ilisimama mita moja kutoka kwake. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akashuka.

"Delbert."

Aligeuka, uso wake mpole, wa adabu, uso anaowapa wageni.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Chetu."

"Kizuri," alisema Delbert.

Arlys alimshika mkono, akamtoa pale katikati, akamketisha kwenye ile ngazi mpya iliyokuwa imewekwa kivulini ikisubiri kupakiwa. Akamwambia asiondoke hapo mpaka arudi. Kisha alivuka njia ya changarawe hadi kwa Orrin, aliyekuwa mbele ya jiko lake anakaanga mayai na tayari amefungua mdomo kusema jambo.

"Delbert anasahau," alisema Arlys. "Si uzee tu. Ni ugonjwa, Orrin, na nimekuficheni wote, hata mtoto wangu. Nusura nimponde sasa hivi. Nakuomba uje unielekeze niingize gari, halafu ukae naye nimpigie Tamra simu aje atuchukue au anitafutie dereva, chochote atakachosema nitakubali."

Orrin alizima moto chini ya mayai, akachukua kofia yake, wakaenda.